Ufuko wa Kuogelea na Hasara Isiyoandikwa Daftarini

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya kando ya Ziwa Victoria.)



Katibu wa chama cha msingi amezoea kuandika. Kila kilo ya pamba iliyopita mizanini imo daftarini. Kila debe la dagaa lililouzwa limo. Na pale chama kinapotoza ushuru mwaloni, kila shilingi ya ushuru huo imo pia, na mkaguzi wa hesabu akija huiona. Lakini iko hasara moja ambayo ni nadra kuikuta katika vitabu vya chama, ingawa wanachama huilipa mwaka hadi mwaka. Hiyo ni hasara ya ufuko mchafu. Mwanachama huilipa zahanati anapompeleka mtoto mwenye kuharisha. Huilipa mashuani, pale mvuvi aliyekuwa na nguvu za kuvuta wavu anapochoka kabla ya wenzake kwa sababu ya kichocho cha siku nyingi. Mara nyingine huilipa kwa roho ya mtoto aliyeingia kuoga saa nane mchana na asitoke.

Kwa kuwa malipo hayo hutoka katika nyumba moja moja, wala hayatoki katika kasha la chama, watu huyahesabu kuwa ni bahati mbaya ya nyumba fulani. Makusudi ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba hasara hiyo ina asili inayojulikana, na kwamba sehemu kubwa ya asili hiyo imo katika mambo ambayo chama chenyewe huyaamua.

Uchukuliwe mfano wa mwalo wa kawaida, ambao kila aliyepo hapa ataufananisha na ule wa kwao. Katika hatua mia mbili za mchanga kuna mashua zinazoshusha samaki, na matumbo ya samaki hutupwa palepale. Kuna ng'ombe walioletwa kunywa. Kuna akina mama wanaofua, na wengine wanaochota maji ya kunywa hatua kumi tu kutoka kwa wanaofua. Kuna malori na pikipiki zinazooshwa, mafuta yao yakielea juu ya maji kwa rangi za upinde wa mvua. Pembeni yapo matete, na nyuma ya matete ndipo wanapojisaidia wale ambao mwalo haukuwajengea choo. Katikati ya hayo yote wamo watoto, wanaogelea. Chama katika mfano huu hupata fedha kwa kila lori linalooshwa, na fedha hizo husomwa katika mapato. Kinachopotea hakisomwi mahali popote.

Wako wazee wanaosema kwamba ziwa ni kubwa mno, na kwamba uchafu wa mwalo mmoja ni tone tu. Kauli hiyo yafaa iangaliwe kwa heshima, maana kwa upana wake ni kweli. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na katika maziwa ya maji baridi duniani ni la pili kwa upana. Lakini kwa kina ni jambo jingine. Kina chake cha wastani ni mita 40 tu, na pale penye kilindi kirefu kabisa ni mita 80 hivi, ambapo Ziwa Tanganyika lina mahali panapofika mita 1,470. Kwa maneno mengine, Ziwa Victoria ni sinia, wala si mtungi. Tena, maji yake mengi huingia kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, nao ni Mto Nile kule Jinja. Jua huchukua maji, lakini halichukui mbolea, wala udongo, wala sumu. Vitu hivyo hubaki siniani.

Kwamba ziwa limebadilika si hadithi ya wazee peke yao. Mwaka 1927 mtaalamu wa Kiingereza, E. B. Worthington, alipima uangavu wa maji kwa kushusha sahani nyeupe iliyofungwa kamba, na mbali na pwani sahani hiyo iliendelea kuonekana hata ilipopita mita 7. Katika miaka ya 1990 watafiti waliotumia kipimo cha namna hiyohiyo waliona sahani ikipotea, katika sehemu nyingi, kabla haijafika mita 3. Hata samaki waliathirika kwa namna ambayo pengine wengi hawakuitarajia. Katika Ghuba ya Mwanza, jike wa furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yalipokuwa machafu rangi hazikuonekana vizuri, na aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika. Jambo hilo lilielezwa na watafiti mwaka 1997. Ikiwa samaki anashindwa kumwona mwenzake aliye mbele yake, haishangazi kwamba mtu aliyesimama mchangani anashindwa kumwona mtoto aliyezama mita moja na nusu chini ya maji. Huko mbele mazungumzo haya yatarudi kwenye jambo hilo.

Maji hayo yalitiwa ukungu na mwani, yaani viumbe vidogo vya kijani vinavyostawi majini pale penye mbolea nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya fosforasi na asilimia 94 ya naitrojeni inayoingia ziwani hutokana na mambo mawili: vumbi na moshi vinavyoshuka kutoka angani pamoja na mvua, na maji yanayotiririka kutoka ardhini. Viwanda na mifereji ya miji vina sehemu ndogo katika hesabu hiyo ya ziwa zima. Kwa hiyo mkulima anayechoma mabua na mkulima anayeacha shamba la mteremko bila kinga wote wamo katika hesabu, hata kama wanakaa mwendo wa siku mbili kutoka ziwani na hawajapata kulowanisha mguu ndani yake.

Hata hivyo, takwimu hiyo isitumiwe vibaya. Mwogeleaji haogelei katika wastani wa ziwa; anaogelea mahali pamoja. Pale Mwanza, ambako Mto Mirongo hupita katikati ya mji na kuingia ziwani, na ambako nyumba nyingi zimejengwa juu ya vilima vya mawe visivyochimbika choo, mchafuzi mkuu wa maji ya karibu ni kinyesi cha binadamu. Huko vijijini huenda mchafuzi mkuu akawa zizi, au mfereji wa shamba. Kila chama kinapaswa kuangalia kwanza yaliyo juu ya ufuko wake.

Kwa vyama vya pamba, yaliyo juu ni mashamba. Mto Simiyu, ambao hukusanya maji ya sehemu kubwa ya nchi ya pamba, huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, kisha mvua zikianza hushuka mwekundu na kumwaga udongo wake katika Ghuba ya Speke. Udongo huo ni mali ya mkulima. Ndani yake mna samadi aliyoibeba kwa mkokoteni na mbolea aliyokopeshwa na chama. Kinga yake inajulikana: kulima kwa kukata mteremko, kuacha ukanda wa majani kando ya mto, na kufunga matuta kwa vigingi vya udongo ili maji yasimame na kunywewa na ardhi.

Hapo hapana budi kusema neno juu ya historia. Matuta ya kufunga si jambo geni Usukumani. Katika mpango wa maendeleo ya Usukuma wa mwaka 1947 hadi 1956 serikali ya kikoloni iliyaamuru kwa sheria ndogo, na aliyekaidi alitozwa faini. Kilimo chenyewe kilikuwa na faida, lakini amri ilichukiwa mno, na matuta yakachukiwa pamoja na amri. Ni hasara iliyoje kwamba jambo jema lilipotea kwa sababu ya namna lilivyoletwa. Ushirika una njia nyingine, nayo ni mkutano wa wanachama. Na jambo lililopigiwa kura na wenye mashamba hudumu kuliko lililoletwa na askari.

Jambo la pili la shambani ni dawa ya kuua wadudu. Chama ndicho mara nyingi kinachopokea dawa hiyo na kuigawa, kwa hiyo chama hakiwezi kusema hakihusiki nayo baada ya kutoka ghalani. Bomba la kunyunyizia lisioshwe mtoni wala ziwani kwa hali yoyote. Chupa iliyokwisha isuuzwe mara tatu, na maji ya kila msuuzo yarudishwe ndani ya bomba na kunyunyiziwa shambani humo humo, ambako ni dawa bado na hayajawa uchafu. Kisha chupa itobolewe, irudishwe kwa katibu, ihesabiwe. Chupa iliyogawiwa isiporudi, huenda imegeuka kuwa chombo cha mafuta ya taa, au cha maji ya kunywa, au imelala mtoni.

Wale wenye kudhani kwamba mambo haya ni ya afya tu na hayagusi bei, wakumbuke yaliyotokea mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa kuhofia kipindupindu. Mwaka 1999 ulizuia tena samaki wa Ziwa Victoria, mara hii kwa sababu iligundulika kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia dawa za kuua wadudu kuvulia samaki. Watu wachache walimwaga sumu usiku, na maelfu waliokuwa wakivua kwa nyavu halali wakakosa soko la sangara. Hiyo ndiyo mara moja ambapo hasara ya maji machafu ilionekana katika vitabu, kwa sababu mnunuzi alikataa kununua. Mtoto anayeogelea hana uwezo wa kukataa namna hiyo.

Sasa yafaa kukaa kidogo na kichocho, maana hicho ndicho kinachowala watu wa pwani polepole bila kelele. Kuna vya namna mbili. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi bara, katika malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Kichocho cha tumbo ndicho cha ufukoni na visiwani, na Ukerewe, Ukara na Kome zimo katika sehemu zilizoathiriwa sana. Mwendo wake ni huu. Mgonjwa hujisaidia kando ya maji. Mvua au wimbi huingiza kinyesi ziwani. Mayai ya minyoo huanguliwa. Kiumbe kichanga kinachotoka humtafuta konokono wa majini na kuingia ndani yake. Baada ya muda wa mwezi mmoja au zaidi, konokono huyo huanza kutoa vimelea vichanga, na katika maisha yake huweza kutoa maelfu kwa maelfu kutokana na yai moja tu. Vimelea hivyo haviumi wala havionekani. Hupenya ngozi ya mtu kwa muda wa dakika chache, huingia katika damu, na hatimaye hukaa katika mishipa ya utumbo kwa miaka, vikitaga. Mayai mengine hutoka na kinyesi na kuanza safari upya. Mengine hukwama katika ini, ambalo huvimba na kuwa gumu, na mgonjwa wa siku nyingi huweza kufikia kutapika damu.

Yapo mambo mawili katika maelezo hayo ambayo kila katibu wa pwani anapaswa kuyashika. La kwanza ni saa. Konokono hutoa vimelea kwa wingi wakati wa jua kali, kuelekea adhuhuri na baada yake kidogo, yaani saa zilezile ambazo watoto hupenda kuoga. Kuoga mapema asubuhi hakuondoi hatari yote, lakini huipunguza. La pili ni mahali. Konokono hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na kina kifupi. Ufuko wa mchanga ulio wazi kwa mawimbi huwa na konokono wachache kuliko kijighuba chenye matete na gugumaji. Gugumaji lenyewe lilionekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980 na kufikia kilele mwaka 1998. Lilipungua baada ya mbawakawa wanaolila kuletwa na kuachiliwa, lakini halijaisha, na kila linaposukumwa pwani na upepo huwa limembeba konokono pamoja nalo.

Kutokana na hayo watu wengine wameona dawa ni kufyeka kila jani la pwani. Hilo ni kosa. Mafunjo na matete ya kwenye midomo ya mito huchuja udongo na mbolea kabla havijaingia ziwani. Yakifyekwa, ufuko huchafuka zaidi. Yafyekwe mahali palipotengwa kwa kuoga tu, hatua thelathini au arobaini, na kwingine yaachwe.

Dawa ya kumeza, prazikwanteli, imekuwapo tangu miaka ya 1970 na ni dawa nzuri. Huua minyoo iliyokomaa. Watoto wa shule hugawiwa. Lakini dawa hiyo haimkingi mtu na vimelea vipya. Mtoto anaweza kumeza asubuhi shuleni na jioni ya siku hiyo kurudi katika maji yaleyale, na baada ya miezi michache kuwa mgonjwa kama kwanza. Tena mvuvi mtu mzima, ambaye hayumo shuleni, mara nyingi husahauliwa katika ugawaji, naye huendelea kuchafua maji ya wale waliotibiwa. Hapo ndipo choo cha mwaloni kinapokuwa na thamani kuliko inavyodhaniwa. Choo kimoja kilichojengwa mahali pa juu, ambapo maji ya ziwa yakijaa hayafiki, kikiwa na maji ya kunawa na mtu wa kukifagia, hukata safari yote ya mnyoo mwanzoni kabisa. Mtu wa kukifagia alipwe. Vyoo vingi vya mialo vimejengwa kwa fedha nyingi, vikafunguliwa kwa sherehe, na kufungwa kwa kufuli baada ya miezi mitatu kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kuvifagia.

Maji ya kumwogesha mtoto mchanga yanaweza kutekwa na kuachwa siku mbili katika chombo kisafi kisicho na konokono. Katika muda huo vimelea vya kichocho hufa. Hayo hayawi maji ya kunywa kwa kukaa siku mbili. Ya kunywa yachemshwe.

Kuna siku ambazo mtu asiingie majini kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mifereji hushuka na kila kilichokuwa vichakani. Inafaa watu wasiogelee karibu na mdomo wa mto au mfereji kwa siku mbili au tatu. Halikadhalika asubuhi ya utulivu ambapo maji ya kijighuba yamefunikwa na utando wa kijani, mfano wa rangi iliyomwagika. Huo ni mwani wa aina ambayo baadhi yake hutoa sumu ya ini. Yasioogwe maji hayo, wala yasinyweshwe ng'ombe au mbwa. Na ieleweke kwamba kuyachemsha hakuondoi sumu hiyo.

Kuhusu kinyesi kwa jumla, Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa maji ya kuogelea mwaka 2003 na kuurekebisha mwaka 2021. Ufuko huhesabiwa kuwa mzuri sana pale ambapo sampuli 95 katika kila 100 hazizidi bakteria 40 wa aina ya enterokoki katika mililita 100 za maji; zikizidi 500 ni maji ya hatari. Chama hakiwezi kupima hayo chenyewe, lakini kinaweza kuomba huduma ya maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyoko Mwanza. Isisahauliwe tu kwamba kipimo hicho hueleza habari za kinyesi na hakielezi kichocho. Maji yanaweza kupita kipimo na konokono wakawamo.

Sasa habari ya kuzama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbusha kinga ya ajali hizo. Katika pwani za ziwa hili mtu hukua akiona maji kila siku, na wengi hudhani kwamba kuona ni kujua. Mvuvi aliyefanya kazi miaka ishirini huenda hajui kuogelea. Mtoto huanguka katika shimo lililochimbwa mchanga wa kujengea, ambalo maji yamelifunika, na kwa kuwa maji ni machafu halioni. Hapa ndipo uchafu na kuzama hukutana. Kanuni nyepesi ni hii: mtu mzima akisimama mahali ambapo maji yanamfika kiunoni naye hawezi kuona miguu yake mwenyewe, hapo si mahali pa watoto kuogelea, kwa sababu akizama mmoja hakuna atakayemwona upesi.

Uokoaji nao una desturi zake mbaya. Mtu akipiga kelele, rafiki yake huruka majini, na mara nyingi hupotea wawili, maana anayezama hushika chochote na kukikandamiza chini. Vyema kumrushia kitu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara na kufungwa kamba ndefu hutosha kumweka mtu mzima juu ya maji, na dumu hakuna mwalo usiokuwa nalo. Litundikwe kwenye mti mahali panapojulikana, lipakwe rangi, na ijulikane kwamba si la kuchotea. Aliyetolewa majini bila kupumua asining'inizwe kichwa chini wala asibonyezwe tumbo; apuliziwe pumzi mdomoni na kukandamizwa kifua bila kukawia, huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Mafunzo ya namna hiyo yanaweza kutolewa mwaloni na mhudumu wa afya kwa nusu siku. Habari za mamba na viboko waulizwe wazee wa mahali hapo, ambao hujua ni mdomo wa mto upi na saa ipi. Ubao wowote utakaowekwa uandikwe baada ya kuwauliza.

Ubaki mfano wa lori. Je, chama kiache fedha za kuoshea magari? Wanachama wengi watasema hapana, na wana haki ya kuuliza ushuru huo utafidiwa na nini. Lakini kuosha gari hakuhitaji kufanywa ndani ya ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Chama kikitenga mahali penye kokoto nje ya mita hizo, kikachimba shimo la kunasa mafuta na tope, na maji yakaletwa kwa pampu au kwa mikokoteni ya vijana, ushuru huendelea kutozwa na vijana hupata kazi. Utapungua kidogo mwaka wa kwanza kwa ajili ya gharama. Hilo lielezwe wazi kwa wanachama kabla ya kura, lisifichwe.

Hali kadhalika ufuko ugawanywe. Mahali pa kuchota pawe upande ambao mfereji hauelekei. Mahali pa kuoga pawe kwenye mchanga ulio wazi, mbali na mashua, na mpaka wake uonyeshwe kwa maboya ya chupa pale kina kinapozidi kifua cha mtoto. Ng'ombe wawe na njia yao, na birika likipatikana ni bora zaidi. Nguo zifuliwe nchi kavu, na povu limwagwe ardhini. Matumbo ya samaki yafukiwe, au auziwe mfugaji wa nguruwe au wa kuku anayeyahitaji. Palipo na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, chama kikae nacho kwanza, maana mambo mengi kati ya haya yamo katika kazi za kikundi hicho tayari, na viongozi wawili wanaotoa amri mbili katika mchanga mmoja huishia kupuuzwa wote.

Fedha zitoke wapi? Tangu mwaka 1995, Muungano wa Vyama vya Ushirika Ulimwenguni ulipokutana Manchester, kuijali jumuiya ni mojawapo ya misingi saba ya ushirika. Mkutano Mkuu unaweza kutenga sehemu ya ziada kwa kazi hiyo bila kuona kwamba umetoka nje ya shughuli za chama. Choo, mbao mbili za matangazo, maboya, madumu manne na kamba havifikii gharama ya ukarabati wa ghala.

Mwisho ni daftari. Katibu afungue kurasa chache katika daftari tofauti. Kila juma, siku moja na saa moja isiyobadilika, kijana wa chama ashushe majini sahani nyeupe ya sentimita 20 iliyofungwa kamba yenye mafundo, naye aandike fundo ambalo sahani ilipotea. Ukurasa mwingine uwe wa chupa za dawa zilizogawiwa na zilizorudi. Mwingine uwe wa siku ambazo choo hakikufagiliwa, na sababu yake. Na mmoja, ambao kila mtu angependa ukae mtupu, uwe wa waliozama na waliookolewa katika ufuko wa chama: tarehe, saa, umri na mahali. Majina yasiandikwe. Daftari hilo lisomwe katika Mkutano Mkuu mara baada ya hesabu za fedha, kabla watu hawajaanza kuondoka kwa ajili ya chakula.